Programu ya Mashine

Kabla mashine haijaja, mashine tulikuwa sisi. Tulikuwa wanawake watatu katika chumba cha mbele cha chama cha ushirika, Nakuru mjini, na kazi yetu ilikuwa kujumlisha maziwa. Kila mkulima aliyeleta maziwa, awe wa Molo, Njoro, Subukia au Bahati, alikuwa na kadi yake, na mwezi ukiisha sisi ndio tuliosema ameleta kiasi gani. Tulitumia vyombo vya kuhesabia vya kuzungusha kwa mkono, vizito kama mawe ya kusagia, vilivyoachwa na Wazungu waliokiendesha chama kabla wakulima wetu hawajakichukua. Changu kilikuwa na tabia ya kukwama. Kilipokwama nilikipiga ngumi, na sikuona haya.

Nayasema haya mapema kwa sababu wajukuu wangu wanadhani kompyuta ilianzia kwao. Nikiwaambia nilifanya kazi na kompyuta kabla mama yao hajaolewa, wanaangaliana. Waangaliane tu.

Wakati huo, katikati ya miaka ya sabini, nilitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kazi ya kudumu. Chamani kulikuwa na watu wa aina mbili. Wa kudumu walipewa nyumba katika mtaa wa Section 58, vyumba viwili na bomba la maji ndani, na wakizeeka walipewa kiinua mgongo. Wa muda hawakupewa kitu. Mwanamke aliyeolewa alikuwa wa muda siku zote, kwani ilisemekana kazi yake ya kudumu iko kwa mume wake. Mimi nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili na mama yangu mzazi, sote katika chumba kimoja mtaa wa Bondeni, na mlango wetu ulitazamana na choo cha watu wote. Kamati ya chama ilikaa vikao na vikao ikijadili kama mwanamke aliyeachika ahesabiwe kama aliyeolewa au kama mwanamume. Mwishowe wakakubaliana kwamba nimekaribia zaidi kuwa mwanamume, na meneja akaniita akaniambia mwaka mpya ukiingia nitakuwa wa kudumu. Nilienda nyumbani nikamwambia mama aanze kufikiria atapanda nini mbele ya nyumba. Akasema sukuma wiki na vitunguu, na maua kidogo, ya kuwaudhi majirani.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke, maana nikianza kumsema huwa sinyamazi. Alikuwa amesomea kilimo ng'ambo. Angesimama ukingoni mwa shamba la ngano, ashike jani moja, akuambie ugonjwa wake na dawa yake, na ungekuta ni kweli. Ila alidhani akili ni kama maji, kwamba ukishakuwa nayo kwenye ndoo unaweza kuimimina popote. Siku moja alialikwa na chama kingine, huko upande wa Kericho, akakuta meneja mwenzake ana kompyuta. Alirudi amenuna.

"Na wale wanauza majani ya chai tu," alituambia, kana kwamba sisi ndio tuliowauzia hiyo kompyuta.

Haukupita muda akaja muuzaji kutoka Nairobi na mkoba wa picha. Ukuta kati ya ofisi ya meneja na chumba chetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo mkutano huo tuliuhudhuria wote. Muuzaji alisema ana mashine mbili. Moja ndogo, ukubwa wa meza, na moja kubwa, ukubwa wa makabati mawili ya nguo. Nitampa haki yake: alimshauri meneja achukue ile ndogo. Meneja akafikiri.

"Hii ndogo," akauliza, "mtu akiwa barabarani anaweza kuiona?"

Muuzaji naye akafikiri, akasema hawezi.

"Basi utuletee ile kubwa."

Jambo hilo lilipofika kwenye kamati, mzee mmoja wa Elburgon aliuliza kama inakula dizeli. Akaambiwa inakula stima. Akasema basi hana neno. Hakuna aliyeuliza nani ataiendesha wala itaambiwa nini. Walikuwa watu waliowahi kununua matrekta, na trekta ukishalinunua linalima.

Kisha meneja akatuita sisi watatu. Alituagizia chai na mandazi, nikajua mara moja kwamba tumekwisha. "Akina mama," alisema, "mwaka mpya mashine inaingia. Hii chumba ya mbele ni yake. Hizi kazi zenu kamati imezifuta."

Nikamuuliza, "Na ile kudumu yangu?"

"Mama, kazi yenyewe haitakuwako. Nitakufanya wa kudumu wa nini?"

Nilimchukia. Nilimchukia mwezi mzima, na yeye alikuwa akiniamkia kila asubuhi kwa heshima zote na kuniulizia hali ya mama. Mama nilipomweleza, aliuliza kama mashine hiyo itapewa na nyumba yetu pia. Nikamwambia chumba cha kazi imeshapewa, nyumba sijui.

Tulihamishwa nyuma, kwenye stoo ya magunia, tumalizie miezi iliyobaki. Chumba cha mbele kikapasuliwa dirisha kubwa la kioo kuelekea barabarani, kikawekwa zulia, na vumbi la Nakuru likakatazwa kuingia humo kwa amri ya meneja. Kati ya chumba hicho na stoo kulikuwa na kidirisha cha zamani cha kupitishia magunia. Fundi alitaka kukiziba, akaambiwa angoje.

Siku chache kabla mashine haijafika ilipigwa simu kutoka Nairobi. Simu ya Nairobi siku hizo ilikuwa ya kupigiwa kelele, na ofisi nzima ilisikia upande wa meneja.

"Programu? Ndiyo. Sisi ndio tunaitengeneza? Hakuna taabu. Nasema hakuna taabu! Mkifika mtaikuta iko tayari."

Akaweka simu chini, akafuta jasho. "Hawa watu wa ajabu," alisema. "Wanafikiri hatujui kufanya sherehe."

Sasa, kwetu programu ni programu. Ukifungua zahanati, ukioza binti, ukizika mzee, lazima kuwe na karatasi inayosema nani ataomba saa ngapi, nani ataimba na nani atamshukuru mgeni wa heshima. Bila karatasi hiyo watu hula kabla ya sala na wanasiasa hawashuki jukwaani. Meneja aliunda kamati ndogo ya programu, na kamati hiyo ilifanya kazi kuliko kamati zote nilizowahi kuona pale chamani. Walipata kwaya ya shule ya msingi kutoka Lanet na wachezaji wa ngoma kutoka Rongai. Walipata mchungaji na sheikh. Fundi wa umeme, Singasinga mmoja wa mjini aliyekuwa akitutengenezea mitambo ya maziwa, alisema yeye amekuja kufunga soketi lakini wakikosa mtu wa tatu anaweza kuomba. Wakamwandika. Karani wa taipu akaipiga kwenye stensili, mimi nikazungusha mashine ya kurudufu, tukatoa nakala za kutosha kijiji kizima.

Siku ikafika. Mashine ilikuwa imekuja kwa lori pamoja na kijana wa Kizungu aliyevaa soksi ndefu. Mgeni wa heshima akakata utepe, kwaya ikaimba, watu watatu wakaomba kwa lugha tatu. Meneja akasimama mbele ya kioo, wakulima wamejaa mpaka barabarani, akamwambia yule kijana kwamba sasa mashine ianze kazi.

Kijana akaomba programu.

Meneja akampa. Ilikuwa nakala nzuri, aliichagua mwenyewe ile iliyotoka na wino wa kutosha. Kijana akaisoma mpaka chini. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Nyuma kulikuwa na nyimbo za kwaya. Akazisoma nazo.

Kisha akaanza kusema kwa sauti ndogo, na sikio lililokuwa karibu lilikuwa la fundi wa umeme. Yeye ndiye aliyetufafanulia. "Bwana Meneja, huyu nasema mashine iko, stima iko, lakini ile maneno ya kuambia mashine fanya hivi, fanya hivi, hapana iko. Hiyo ndiyo naitwa programu. Alipiga simu akauliza, wewe nasema iko."

Nilimtazama meneja. Shingo yake ilikuwa imelowa, lakini uso ulibaki vilevile, wa mtu anayesubiri mvua. Akauliza inachukua muda gani kuitengeneza hiyo programu nyingine. Akaambiwa lazima aje mtaalamu, akae nao karibu mwaka, na kwamba kazi hiyo hailipiwi kwa mandazi. Akageuka akawaangalia wanakamati. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, wameshaanza kula.

"Angalau taa zake zinaweza kuwaka?" akauliza.

Kijana akasema hizo zinaweza. Taa zikawaka, ndani kukasikika mlio kama wa treni inayoondoka, na wakulima wakapiga makofi. Mgeni wa heshima akasema Afrika imeamka. Tukala mbuzi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, wakulima wakaanza kuulizia hesabu zao. Meneja akaja stoo kwetu, tulikokuwa bado tunafunga hesabu za mwisho, akafunga mlango. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya gunia la mbegu.

"Akina mama," alisema, "hii mashine bado changa. Inahitaji kusaidiwa kidogo."

Akatueleza. Tujumlishe kama zamani. Tupige taipu kwa herufi kubwa kwenye yale makaratasi mapana ya mashine, yenye vitobo pembeni. Tukimaliza tuyapitishe kwenye kidirisha cha magunia, na yeye atayapokea upande wa pili, nyuma ya kabati la mashine, pale ambapo mtu wa barabarani haoni.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo kazi yetu imerudi?"

"Haiwezi kurudi, mama. Kamati ilishaifuta. Nikiwaambia nimerudisha makarani, watauliza mashine inafanya nini."

"Na tutalipwa kama nani?"

Hapo alikuwa ameshafikiria, naye alifurahi kwamba nimeuliza. "Mashine ina fungu lake la spea," alisema. "Hilo fungu ni kubwa, na kamati haiwezi kulikataa. Hakuna mashine isiyohitaji spea."

Ndivyo nilivyokuwa spea. Wenzangu walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Mimi sikucheka, lakini sitasema uongo, nilishukuru. Kazi iliyokuwa imekufa ilikuwa inapumua, na nilijiambia kwamba nikiifanya kwa miaka miwili bila kosa hata moja, nitakwenda kwa meneja kuidai ile kudumu yangu na atakosa la kusema. Nikapiga moyo konde. Kila jumla niliirudia. Ya wenzangu niliirudia pia, wakanichukia kidogo, wakazoea. Hata nilipougua nilikwenda. Mama alikuwa akiniuliza kila mwisho wa mwezi, "Wameshasema?" nami nikimjibu bado.

Sifa za mashine zikaenea. Siku za soko wakulima walibandika nyuso zao kwenye kile kioo, na wengine walikuja na watoto. Kisha wakaanza kuja mameneja wenzake, wa mbegu, wa mkonge, wa pareto, wamevaa tai, wanataka kuiona ikijibu. Meneja akabuni namna ya kuwaonyesha. Mgeni hutaja namba ya mkulima yeyote, na meneja huirudia kwa sauti kubwa mbele ya mashine ili sisi tusikie ukutani.

"Molo, mia mbili na sita. Nasema Molo! Mia mbili na sita!"

Mimi huku nimeshashika kadi ya Molo. Mashine inapiga kelele zake, wageni wanapewa chai, karatasi inatokea. Wageni wakaamini kwamba kompyuta husikia vizuri ukiipigia makelele, na wa mwisho mwisho walikuwa wakiingia wakianza kupayuka wenyewe. Nimesikia mtu mzima mwenye shahada akiliamkia kabati.

Katika mkutano mkuu wa mwaka uliofuata, mkulima mmoja wa Molo alisimama kuishukuru mashine. Alisema tangu ije, maziwa yake hayajawahi kukosewa hata kibaba. "Zamani wakati wa wale akina mama," alisema, "ilikuwa ni kubahatisha tu." Watu wakapiga makofi. Sisi tulikuwa mlango wa nyuma tukigawa soda. Nilimpa yake ikiwa ya moto.

Miaka miwili ilipotimia nilikwenda kwa meneja. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilimwambia nimefanya kazi bila kosa, yeye anajua, na kwamba kamati ilishanikubali kabla mambo haya hayajaanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Mama," alisema, "mimi nitaipelekeaje kamati spea na kusema ifanywe ya kudumu?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli nikiusema, hata wewe huna kazi."

Alikuwa sahihi, na nilitamani kumrushia kidau cha wino. Nilirudi stoo. Nikajumlisha Subukia yote bila kuinua kichwa. Jioni nikamwambia mama kwamba wamekataa. Akasema haidhuru, vitunguu vinauzwa sokoni, kisha akageukia ukutani akajifunika.

Hapo ndipo nilipoamua kuondoka. Haukupita muda mrefu, mmoja wa wenzangu akaniletea habari kwamba kampuni moja ya mbegu huko Njoro inatafuta karani wa hesabu, mwanamke au mwanamume, kazi ya kudumu, na nyumba juu yake. Nilirudia kumwuliza kama amesikia neno kudumu kwa masikio yake. Alisema amelisikia. Niliomba ruhusa ya asubuhi moja, nikasema mama yangu mgonjwa, nikapanda basi.

Meneja wa huko alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinipa kiti. Alinipa na hesabu za kujaribu, ukurasa mzima wa magunia ya ngano. Nilizimaliza kabla karani aliyetumwa kuniletea maji hajarudi. Akazipitia, akazipitia tena, akavua miwani. Niliona amefurahi. Tayari nilimwona mama yangu ameinama mbele ya nyumba, anapanda.

"Na sasa unafanya kazi wapi, mama?" akauliza.

Nikamwambia chama cha ushirika cha maziwa, Nakuru.

"Kile chenye mashine?"

"Hicho."

Akacheka kidogo, kwa wema kabisa, akazikunja zile hesabu zangu na kunirudishia. "Basi wewe unaelewa kuliko mtu yeyote," alisema. "Mimi nilikuja kwenu mwezi juzi kuiona kwa macho yangu. Nilitaja namba ya ndugu yangu wa Bahati, na kabla sijamaliza kikombe cha chai ilikuwa imejibu, sawasawa, mpaka nusu lita. Nilirudi hapa nikawaambia wakurugenzi hatuna haja tena ya makarani. Yetu tumeagiza jana. Kama ungekuja wiki iliyopita, kazi hii ingekuwa yako."

Siku hiyo ya kadi ya Bahati niliikumbuka. Nilikuwa na homa, na kwa kuogopa kukosea niliijumlisha mara mbili zaidi ya kawaida yangu.

Nikamwambia. Sikuona tena sababu ya kunyamaza. Nilisema, "Bwana, ile haikuwa mashine. Ile nilikuwa mimi."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mfiwa, akainuka, akanisindikiza mpaka mlangoni huku amenishika kiwiko. Akaniambia anaelewa uchungu wangu, na kwamba hata makarani wake wamekuwa wakisema maneno kama hayo tangu waliposikia. Lakini nisijisumbue kushindana nayo, akasema, kwa sababu hakuna mwanadamu anayeweza kuhesabu upesi namna ile bila kukosea.

Nilipanda basi la kurudi Nakuru. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na wakulima walikuwa wanaingoja mashine.